Jina la Mlo na Tumbo la Mzee Clarrie

Nilipofika Sydney nilielezwa kwamba Mzungu wa Australia ana kufuli tumboni. Ukimkaribisha chakula kwa jina ambalo si la kwao, kufuli linajifunga, na hapo hata umletee mbuzi mzima aliyechomwa na malaika, hatameza. Aliyenieleza ni Papa Étienne, mtu wa Uvira kama mimi. Alikuwa ametutangulia miaka miwili na alifanya kazi ghalani karibu na Port Botany, kwa hiyo ndiye aliyekuwa profesa wetu wa mambo yote ya nchi hii, kuanzia kodi mpaka kangaruu. Naye alikuwa na ushahidi. Siku moja saa sita mchana alimwambia msimamizi wake, "Bosi, karibu dinner," akamsogezea bakuli la wali na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Msimamizi akalitazama bakuli, akatazama saa, akashukuru, akaenda zake.

"Mnaona?" Papa Étienne alituambia nyumbani kwake Auburn, watu kumi na mmoja tukiwa tumekalia kochi la watu watatu. "Nilikosea jina. Mchana ilikuwa lunch. Tumbo likafunga, paf!"

Katika watu kumi na mmoja hakutokea hata mmoja wa kusema kwamba labda yule bwana aliiogopa sombe. Mimi niliamini kama ninavyoamini kwamba jua huchomoza mashariki. Niliupeleka uvumi huo jikoni, nikapika na kupakua kwa kuufuata miaka yangu yote ya kazi, na kwa sababu yake mzee mmoja aitwaye Clarrie, mwenye akili zake na ulimi wake, nusura ahamishiwe upande wa wazee wanaolishwa kwa kijiko. Sasa nimestaafu, aproni nimeirudisha, ninayo nafasi ya kukiri. Ninawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hizi za jikoni na za kutunza wazee. Vyeo sitavitaja. Nilipata kimoja tu, nacho kilikuja na ufunguo wa stoo ya viazi.

Siku yangu ya kwanza nilipanda treni Auburn, nikabadilisha Blacktown, nikashuka Quakers Hill nikiwa nimewahi kwa saa mbili nzima, kwa kuwa Papa Étienne alikuwa ameniambia pia kwamba ukichelewa dakika moja siku ya kwanza picha yako inabandikwa kwenye vituo vyote vya treni. Nyumba ya wazee ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Jikoni nilimkuta Bi Shirley, mkuu wa jiko, mama wa makamo mwenye mikono ya fundi matofali, mzaliwa wa mji mdogo mbali huko magharibi ambako, kwa maelezo yake, mvua ni hadithi ya kuwalalisha watoto. Alinipa neti ya nywele, na kichwa changu hakijawahi kuwa na nywele tangu harusi yangu.

"Vaa tu," alisema. "Ni sheria. Sasa sikiliza, mpenzi. Saa nne ni smoko. Saa sita ni dinner. Saa kumi na moja jioni ni tea. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Sikuelewa hata nukta. Smoko nilidhani ni mahali pa kuvuta sigara, nami sivuti, kwa hiyo saa nne nilibaki nikimenya karoti huku wenzangu wakipumzika kwa chai na keki. Kisha nikatoka na sufuria hadi ukumbi wa chakula, nikasoma ubao ulioandikwa na meneja: saa sita lunch, saa kumi na moja dinner. Chakula kilikuwa kilekile kimoja, nyama ya kondoo, viazi na njegere, lakini kikitoka jikoni kilikuwa dinner, na kikivuka mlango wa ukumbi kilikuwa lunch. Nikasema moyoni, Papa Étienne, wewe ni nabii. Hapa pana matumbo ya kufungwa.

Bi Shirley ndiye aliyenifundisha kazi. Kipimajoto kikae mfuko wa kifuani, si wa nyuma, maana siku moja alikaa juu ya chake na hakuisahau siku hiyo. Ukionja, tumia vijiko viwili, cha kuchotea na cha kutia mdomoni, na usivibadilishane majukumu. Toroli la chakula la nyumba ile lilikuwa na gurudumu moja lililovuta kushoto, kwa hiyo ulilielekeza ukutani kulia ili lifike katikati. Wageni waliotuona walidhani tumelewa. Jambo alilolishikilia kuliko yote lilikuwa chakula cha kusaga. Kila kitu kilisagwa peke yake na kuwekwa peke yake kwenye sahani: nyama mahali pake, karoti mahali pake.

"Mtu asiyeweza kutafuna bado anataka kujua anakula nini," alisema. "Siku utakayovichanganya pamoja, nitakusaga wewe."

Nilimwamini. Mashine ilikuwa kubwa vya kutosha.

Ili nithibitishwe kazini ilinibidi nipate cheti, basi nikajiunga na chuo cha jioni, mara mbili kwa wiki, nikitoka kazini moja kwa moja nikinuka vitunguu. Darasani hatukuwa na mataifa pungufu ya mia tatu. Ukuta ukinena kweli utasema kumi na mawili, lakini mimi nilikuwepo na ukuta haukuwa makini. Mwalimu alikuwa Bwana Keith, mtu wa kaskazini mwa Uingereza, wa miji ile ya viwanda vya nguo. Kazi yake ya kwanza kwetu ilikuwa hii: andika menyu ya siku moja. Nikaandika breakfast, lunch, dinner, kwa mwandiko wa kanisani. Akaipiga mstari mwekundu.

"Dinner ni mchana," alisema. "Jioni ni tea."

Mama mmoja wa Durban akainuka. "Samahani mwalimu, jioni ni supper. Tea ni kinywaji."

Bwana mmoja mzee wa Kolkata, aliyekuwa akisoma kwa ajili ya kumkomoa mkwewe, akasema kwamba mchana huliwa tiffin, na asiyejua tiffin hajala bado tangu azaliwe. Kijana wa Brisbane akasema shuleni kwao walikuwa na lunch ndogo na lunch kubwa. Mwanamke wa hapahapa Sydney akacheka, akasema lunch ndogo ni nini, kwetu ilikuwa recess. Walipigana kwa maneno dakika arobaini. Mimi nikafungua daftari jipya la jalada la bluu, nikaanza kuandika: nani, wa wapi, anakiita nini. Wengine walitoka chuoni na cheti. Mimi nilitoka na cheti na silaha. Cheti kiko sebuleni juu ya televisheni, nacho ni kikubwa kuliko televisheni.

Tusiwacheke sana lakini. Sisi wenyewe tuko vipi? Kambini Kigoma, tulipokuwa wakimbizi, Watanzania walikuwa wakituuliza asubuhi, "Mmekunywa chai?" nasi tumetoka kunywa uji, tunajibu ndiyo, na hakuna aliyeona ajabu. Kazini tulikuwa na nesi Mkenya, Sista Njeri wa Nyeri, ambaye ugali wake wa jioni aliuita supper. Nilipomuuliza kwa nini si dinner, alinitazama kama nimemposa.

"Dinner ni ya hoteli, Papa Bahati. Dinner unavaa kiatu. Ugali na sukuma ni supper. Na hilo daftari lako uliweke mbali, utafanya watu wakuogope."

Sikuliweka mbali. Kila mzee alipata ukurasa wake. Juu jina, chini yake mahali alikozaliwa, kisha kama anatafuna au anasagiwa, mwisho majina ya milo. Bi Dorothy, aliyekulia ng'ambo ya daraja la bandari, kwa matajiri, wanakozungumza kama mtu aliyeweka njegere moto mdomoni: lunch, dinner, na supper yake ilikuwa biskuti mbili na maziwa kabla ya kulala. Mzee Angus wa Glasgow: dinner mchana, tea jioni, na ole wako ugeuze. Bi Patricia, mke wa mkulima wa ngano: vilevile kama Angus, ila katikati lazima smoko, na smoko bila skonzi ni dharau kwa marehemu mumewe. Nilipita na toroli langu linalovuta kushoto nikiita kila meza kwa lugha yake, "Bi Dorothy, lunch! Mzee Angus, dinner!" na wote wakila chakula kimoja cha sufuria moja. Walifurahi. Walikula. Na mimi niliona kila kijiko kilichopanda ni ushahidi kwamba kufuli limefunguka. Haikunipitia akilini kwamba walikuwa na njaa.

Miaka ikaenda. Bi Shirley akastaafu, nikapewa ufunguo wa viazi. Halafu akaja Mzee Clarrie.

Aliletwa na binti yake, ambaye alikuwa anaishi Perth na ilimlazimu kurudi siku ileile. Mzee mrefu, mkavu kama fimbo ya ufagio, mtu wa maneno sita kwa wiki, na manne kati yake alikuwa akiyatumia Jumatatu. Mikononi alikuwa na makovu mafupi mafupi, mistari ya kahawia kuanzia kiganja hadi kiwiko. Nilidhani ni waya wa fensi. Faili lake lilisema amefanya kazi maisha yake yote kwenye mashamba ya kondoo, huko mbali sana magharibi, mbali kuliko kwa Bi Shirley. Nikajisemea: mkata manyoya. Basi ni mtu wa dinner na tea. Nikaandika kwenye ukurasa wake kabla hajafungua begi.

Kila asubuhi alipelekewa trei chumbani, naye aliila yote, mpaka akaipangusa sahani kwa mkate. Mchana na jioni alikuja ukumbini, akachagua meza iliyo karibu na dirisha la jikoni, akakaa wima na mikono mapajani. Nikamwekea sahani.

"Mzee Clarrie, dinner!"

Akaitazama sahani. Akatazama meza nyingine, moja baada ya nyingine. Akanitazama mimi, akamtazama Njeri aliyekuwa akigawa vidonge.

"Bado, rafiki," alisema.

Chakula kikapoa. Saa saba kasorobo tuliondoa vyombo, sahani yake ikaondoka nzima, naye hakulalamika; jioni, kwenye tea, vilevile. Ikawa hivyo kesho yake na keshokutwa.

Mzee wa namna hiyo hupimwa uzito kila mwezi. Mwezi wa kwanza alishuka. Mwezi wa pili akashuka zaidi. Mtaalamu wa lishe, dada mmoja mpole mwenye makaratasi mengi, akatuita: akishuka tena atahamishiwa upande wa pili. Upande wa pili ni mzuri, una mapazia mapya, lakini huko unafungwa kitambaa shingoni na kulishwa na mtu. Njeri ndiye aliyemweleza mzee. Alirudi jikoni uso umemshuka.

"Amesemaje?" nikamuuliza.

"Amesema binti yake akisikia analishwa kijiko atalia. Yeye hatalia. Yeye atakiuma kijiko." Akakaa juu ya gunia la vitunguu. "Papa Bahati, asubuhi anakula kama askari. Meno anayo. Tumbo limepimwa, halina shida. Ni nini?"

Nilikuwa na jibu. Na ninawaomba, vijana, mlitazame jibu hili kwa makini, maana hivi ndivyo mtu mwenye cheti anavyopotea. Nilimwambia, "Sista, fikiria. Ni mlo upi ambao jina lake ni moja kote kote? Uingereza, Durban, Kolkata, huku kwetu? Ni breakfast! Hata wakilikata mkia wakasema brekkie, ni lilelile. Mlo wenye jina moja, anakula. Milo yenye majina ya kugombaniwa, hali. Tatizo ni jina. Hatujalipata jina lake."

Njeri akainuka kwenye gunia. "Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Ninalo daftari."

"Aki wewe," alisema, akaenda zake.

Nikaanza kazi ya ukunga wa majina. Jumatatu lunch. Jumanne supper. Jumatano tiffin, nikainama kidogo. Alhamisi nilipiga simu kwa Bi Shirley, akanipa tucker, neno la watu wa porini kwa chakula chochote kile, nikalipaza mpaka Bi Dorothy akaangusha uma. Mzee Clarrie kila mara alinisikiliza kwa adabu kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa ya mkoa mwingine. Kisha macho yake yakazunguka meza, yakaja kwangu, yakaenda kwa Njeri. "Bado, rafiki." Mimi nikasikia: bado hujalipata jina. Nikarudi jikoni nikafuta, nikaandika lingine. Nguo zake zilianza kumvaa yeye badala ya yeye kuzivaa. Zilibaki siku tisa apimwe.

Siku hiyo wenzetu wawili walikuwa wagonjwa. Nilipika, nikapakua, nikasukuma toroli, nikaosha, bila kutia kitu kinywani tangu alfajiri. Sasa, sheria ya nyumba ile ilikuwa wazi: mfanyakazi hali mbele ya wazee. Una chumba chako, una mapumziko yako, ukila ukumbini unaandikiwa onyo. Lakini jioni ile, wazee wakiwa wamekwisha kula na kuondoka, Mzee Clarrie peke yake amebaki na sahani yake, njaa ilinipiga hata ukumbi ukazunguka. Nikatoa kibakuli changu cha nyumbani, ugali na maharage, nikaegemea toroli, nikaanza kula nikiwa nimesimama, kama mwizi.

Nikahisi natazamwa. Mzee alikuwa ananiangalia mkono unavyokwenda kinywani. Na nyinyi mnajua tulivyolelewa: mtu akikuona unakula, hukai kimya. Mdomo ukiwa umejaa, bila kufikiri, nikamwambia kwa lugha ya mama yangu, "Karibu tule, mzee."

Akaendelea kunitazama mpaka nikafika nusu ya bakuli. Halafu akachukua uma wake. Akakata nyama iliyopoa. Akala. Akala viazi, akala njegere moja moja mpaka ya mwisho, akaipangusa sahani.

Mlango ukafunguka, Njeri huyo. "Papa Bahati! Unakula dining? Utaandiki..."

"Nyamaza," nikamwambia. "Tazama."

Akatazama. Akaweka mkono mdomoni. Tulisimama pale wawili kama watu walioona tembo akivuka reli.

"Umemfanyia nini?" alinong'ona.

Nikavuta pumzi, nikajibu kwa sauti ya mshindi: "Nimelipata jina. Jina lake ni Karibu tule. Lilikuwa la Kiswahili muda wote!"

Nisiwafiche, kwa wiki kadhaa sikuvumilika. Auburn nzima ilipata habari. Papa Étienne alisimama kwenye sherehe ya ubatizo, akaeleza kwamba utafiti wake wa zamani umethibitishwa na mtaalamu, na mtaalamu ni mimi. Meneja wetu, mwanamama asiyependa karatasi lakini anayependa wazee wanene, aliniruhusu rasmi kula meza moja na Mzee Clarrie, "mradi iendelee." Ikaendelea. Kila mchana na jioni nilikaa mbele yake na bakuli langu, nikatamka neno langu la siri, nikala, naye akala. Kwenye mizani alipanda. Mwezi uliofuata akapanda tena. Upande wa pili na mapazia yake mapya vikasahaulika. Nikaandika kwenye ukurasa wake kwa herufi kubwa.

Halafu nikaenda likizo ya wiki tatu, mwaka wangu wa mwisho. Kabla ya kuondoka niliwafundisha wote kutamka. Mfilipino wetu wa mashine ya kuoshea vyombo alilitamka vizuri hata ungedhani amezaliwa Tanga. Njeri sikumfundisha, ni lugha yake. Nikaondoka na amani.

Niliporudi, Mzee Clarrie alikuwa ameshuka kuliko mwanzo. Mtaalamu wa lishe alikuwa ameshajaza karatasi. Kiti cha upande wa pili kilikuwa kinamsubiri, Jumatatu ijayo, siku tatu baada ya mimi kustaafu.

"Mlimwambia?" nikamuuliza Njeri.

"Kila siku! Nimesimama mbele yake na vidonge vyangu, karibu tule, karibu tule, mpaka nimejisikia mwendawazimu. Ananitazama, anasema bado. Jina lako halifanyi kazi, Papa Bahati."

"Ni lafudhi yenu ya Kenya," nilisema. "Mnaivuta."

Alinigeukia. Tumefanya kazi pamoja miaka mingi, nimemwona amekasirika mara nyingi, lakini siku ile alikuwa na machozi. "Wewe unaondoka Ijumaa. Ukienda, nani atakula naye? Mzee wa watu atafungwa kitambaa shingoni kwa sababu ya lafudhi? Achana na daftari. Enda umuulize. Yeye. Kwa mdomo wako."

Hapo nikaona aibu, nitasema ukweli. Katika miaka yote hiyo, kurasa zote hizo, wazee wote hao, yule mmoja asiyekula ndiye pekee ambaye sikuwahi kumuuliza. Nilimjazia mwenyewe kabla hajafungua begi.

Ijumaa mchana, siku yangu ya mwisho, nilikaa mbele yake na bakuli langu. Njeri alisimama nyuma yangu. Nilikula kwanza, maana njaa haina kustaafu, naye akala, kama kawaida yetu. Aliposhika mkate wa kupangusia nikafungua daftari, nikalisukuma mezani, nikamwonyesha ukurasa wake uliojaa mistari: dinner, lunch, supper, tiffin, tucker, na lile la mwisho la Kiswahili. Nikamweleza yote. Kufuli, Papa Étienne, sombe, breakfast ya jina moja duniani, na jinsi nilivyomdhani mkata manyoya. Nikamwomba: anieleze jina lenyewe, lile la kwao, niwaachie wenzangu kabla ya Jumatatu.

Nitawaambia mapema ili msikae roho juu: Jumatatu hakuhamishwa. Mpaka leo yuko kwenye meza yake karibu na dirisha la jikoni, na Njeri hula naye supper yake, kwa ruhusa ya maandishi. Ni kwa sababu ya maneno aliyoyasema mchana ule, ambayo yalikuwa mengi kuliko ya wiki mbili kwa pamoja.

Alisoma ukurasa wote polepole, kidole kikifuata mistari. Akacheka bila sauti, mabega tu. Kisha akavuta mkono wa shati, akaulaza mkono wake mezani kando ya wangu, makovu yake kando ya makovu yangu, mistari ileile ya kahawia ambayo kila mtu aliyewahi kutia mkono kwenye jiko la moto anayo.

"Ita unavyotaka, rafiki," alisema. "Mimi sikukata manyoya. Mimi nilikuwa mpishi wa wakataji. Mpishi hali mpaka wafanyakazi wamekula." Akamwelekezea Njeri kidevu. "Ulipokwenda likizo alibaki huyu, na huyu sijawahi kumwona akila."